Mrejesho: nyanya na mchicha bila friji

Wapendwa, niliuliza namna ya kutunza nyanya, vitunguu na mchicha visiharibike, maana sina friji na joto la Dar mnalijua. Asanteni sana, nimefuata mlivyonielekeza.

Nyanya ndizo zimenifurahisha zaidi. Nanunua zenye ubichi kidogo, nazipanga kwenye ungo safu moja, upande wa kikonyo chini, na kuziosha ni wakati wa kupika tu. Ndizi nimezihamishia chumba kingine. Yule mama aliyesema ndizi mbivu hutoa gesi ya ethilini inayoivisha matunda yaliyo karibu, Mungu ambariki, kweli kabisa! Sasa nikitaka nyanya ziive upesi naziweka makusudi pamoja na ndizi.

Vitunguu viko kwenye kikapu kinachopitisha hewa, viazi gizani, mbali navyo. Kotmiri kwenye glasi ya maji.

Mchicha bado unanitesa. Kitambaa chenye unyevu kinaufikisha kesho yake, basi. Kikilowa sana majani yanaanza kuteleza. Kwa sasa nanunua fungu la siku hiyo. Mwenye njia bora anielekeze, tafadhali.