Mrejesho: Alama za kazi ya muhula zilizokosa maelezo

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliomba ushauri wenu baada ya kupata alama 17 kati ya 40 za kazi za muhula, ilhali insha yangu ilirudishwa ikiwa na namba nyekundu tu juu ya ukurasa, bila neno hata moja la maelezo. Wengi mlinisihi nisikimbilie kukata rufaa, bali nimwone kwanza mhadhiri mwenyewe, nikiwa na kazi zangu zote mkononi.

Nilifanya hivyo, na ninawashukuru kwa dhati. Profesa alinipokea vizuri, akanitaka nisome kwa sauti aya ya tatu ya insha, kisha akaniuliza hoja yangu ni ipi. Nikakosa jibu, kwa sababu aya nzima ilikuwa mlolongo wa madondoo ya watu wengine. Hapo akachukua penseli, akapigia mstari sentensi 2 tu zilizokuwa zangu. Nilimwelewa kabisa, ingawa bado ninaamini kwamba maelezo hayo yangeandikwa mapema, kabla ya mtihani wa mwisho wenye alama 60, wengi wetu tungejirekebisha.

Alama za insha hazikubadilika. Hata hivyo, tulipokagua jedwali lake tuligundua kwamba jaribio langu la pili halikuwa limeingizwa, naye akamwandikia mkuu wa idara siku ileile. Sasa nina 26. Matokeo ya mwisho yanasubiri kuidhinishwa na seneti ya chuo.