Wiki sita za mazoezi zimeandikwa jioni moja. Hayo ndiyo masomo ya michezo?

Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama. Wasimamizi, tafadhali msiuhamishie kwenye jukwaa la soka, sizungumzii timu ya mtu hapa.

Mimi ni mwanafunzi, namalizia mwaka wa pili wa kozi ya michezo ya mkondo wa ufundi. Kwa wasioijua: hii haina mtihani mmoja mkubwa wa kufunga hesabu. Alama zinatokana na kazi unazozifanya kipindi chote na ushahidi unaouweka kwenye faili lako. Ushahidi. Naomba neno hilo mlishike.

Juzi baada ya vipindi tuliitwa darasani wote 29. Mwalimu akagawa fomu: "Kumbukumbu ya programu binafsi ya mazoezi, wiki ya 1 hadi ya 6". Kila wiki ina visanduku vyake: tarehe, aina ya zoezi, muda, mapigo ya moyo kabla, mapigo baada, ulivyojisikia kwa kipimo cha 6 hadi 20, na mwisho mistari mitano ya tafakari. Akasema mhakiki wa nje, yule anayekuja kukagua mafaili yetu, anakuja Alhamisi, kila mtu ahakikishe wiki zake sita zimejaa. Halafu akaongeza, na hii sitaisahau mpaka nazeeka: "Mbadilishe kalamu. Msiandike zote kwa kalamu moja."

Programu yenyewe hatujawahi kuifanya. Hata siku moja.

Basi kalamu zikaanza kuzunguka. Jirani yangu akaandika mapigo yake akiwa ametulia: 72, wiki ya pili 71, ya tatu 70, mpaka 67. Nikachungulia mbele, naye hivyo hivyo. Nyuma, hivyo hivyo. Ndani ya nusu saa mioyo ya darasa zima ilikuwa inashuka pigo moja kila wiki kama askari wa gwaride. Kuna mwenzetu alivunjika mguu mwanzoni mwa muhula, hadi leo anatembelea magongo, naye amekimbia dakika 30 mara tatu kwa wiki na "alijisikia vizuri sana".

Moyo wa mtu haushuki hivyo. Ukilala vibaya unapanda, ukiwa na homa unapanda, ukijipima sekunde chache baada ya kukimbilia kengele unapanda. Rekodi ya kweli ina mabonde na vilima. Mhakiki akiwa na macho mawili tu na akafungua mafaili matatu, ataona. Au naye haangalii? Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Kichekesho cha jioni ile kilikuwa kwenye kipimo cha kujisikia. Mmoja aliandika 3. Mwingine 5. Kipimo kinaanzia 6! Hatukuwahi kuelezwa kwa nini, na mimi mwenyewe nilikuja kusoma usiku ule kwenye simu: ni kipimo cha Borg, msomi wa Uswidi, na namba zake zilipangwa zikaribiane na mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya ukizizidisha kwa 10. Sita ni kama 60, umekaa. Ishirini ni kama 200, umefika mwisho wa uwezo wako. Dakika tano za maelezo, basi. Miaka miwili tumekosa dakika tano.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana najua kuna atakayesema "si mlitaka kucheza mpira".

Mimi hii kozi niliichagua. Darasani tuliochagua tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine waliletwa. Majina yalisomwa, wa sayansi wakaenda huku, wa biashara kule, waliobaki wakaambiwa "ninyi chukueni michezo". Ndiyo maana hapa shuleni tunaitwa darasa la benchi, na walioanzisha jina hilo si wanafunzi, ni walimu ofisini kwao.

Silabasi nimeisoma yote, na naapa si ya mchezo. Kuna mifupa na misuli. Kuna jinsi mwili unavyotengeneza nguvu: zile sekunde chache za kwanza za mbio fupi, kisha glukosi bila oksijeni ya kutosha, kisha safari ndefu ambayo oksijeni ndiyo inabeba mzigo. Kuna kupanga mafunzo ya watoto tofauti na ya watu wazima, kutathmini hatari za uwanja kabla ya kuruhusu mtu aingie, dawa zilizopigwa marufuku, saikolojia, huduma ya kwanza, kusimamia mashindano. Aliyeiandika alikuwa anamtengeneza mkufunzi. Sisi tuliletewa mpira, ukarushwa katikati ya uwanja, na mwalimu akarudi kivulini kupanga kikosi.

Kwa sababu huyo huyo ndiye kocha wa timu ya shule. Timu ikiwa na mechi, kozi inalala. Timu ikishinda, kozi inalala kusherehekea. Ikifungwa, tunafanya usafi wa uwanja.

Kipimo cha biipu, kwa mfano, tulikifanya mara moja. Mnakijua: koni mbili, mita 20, unakimbia kwenda na kurudi ukifuata mlio, unaanza na kilomita 8.5 kwa saa na kila dakika mwendo unaongezeka 0.5. Maana yake yote iko kwenye hizo mita 20. Kwetu mwalimu alipiga hatua ishirini. Hatua zake, na yeye ni mrefu kama mlingoti. Mlio ulitoka kwenye simu yake, na tulipofika kiwango cha 5 simu ikazima chaji. Akasema "haya, andikeni wote 5". Kwa hiyo kwenye faili langu mimi, yule mkimbiaji bora wa shule, na yule mwenzetu mwenye pumu tuna uwezo sawa kabisa wa mapafu na moyo. Sayansi hiyo.

Na ile 220. Aliyesoma michezo popote anaijua: 220 toa umri wako unapata mapigo ya juu kabisa ya moyo wako. Mimi nina miaka 17, kwa hiyo 203. Nikauliza kama ni hivyo kwa kila mtu. Nikajibiwa, "Ndiyo fomula, usinichoshe." Nikaenda kutafuta mwenyewe. Inatajwa kutoka kwenye kazi ya Fox na Haskell ya 1971, na haikutokana na utafiti uliofanywa kwa ajili hiyo, ni mstari uliochorwa kwa makadirio juu ya takwimu zilizokusanywa huku na huku. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake wakapendekeza nyingine, 208 toa 0.7 mara umri. Kwa umri wangu hiyo ni 196. Na hata hizo ni wastani, watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo 20 au zaidi na wote wakawa wazima. Sasa mimi kesho nikipewa vijana 15 niwafundishe, nikamwona mmoja amefika 190 anahema kama mvukuto, nimwambie "bado 13, ongeza"?

Ila naomba nikae kwenye huduma ya kwanza, maana hapo ndipo hasira yangu imelala.

Moduli nzima. Kwenye faili inaonekana nimehitimu, kuna fomu imesainiwa kwamba nimeonyesha umahiri wa kumhudumia mtu ambaye moyo umesimama. Mwanasesere wa mafunzo shule inaye. Yuko stoo, juu ya kabati, bado amevaa nailoni yake. Tuliambiwa ni ghali, atachakaa. Tukafundishwa kwa mdomo, tena nusu: "mnabonyeza kifua". Wapi, kwa kina gani, kwa kasi gani, hakuna. Mimi najua kwamba ni katikati ya kifua, sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, 30 kisha pumzi 2, kwa sababu nimesoma mwenyewe. Kujua si kufanya. Waliowahi kumkandamiza yule mwanasesere wanasema dakika mbili tu mikono inatetemeka na unaanza kubonyeza juujuu bila kujua. Mimi sijui mikono yangu itafanyaje. Cheti kitasema najua.

Juni 2021 wote tulimwona Christian Eriksen, mwanasoka wa Denmark, anaanguka uwanjani Copenhagen, hakuguswa na mtu. Alizinduliwa palepale kwenye nyasi, kifua kikikandamizwa na mashine ya kushtua moyo ikitumika. Mwaka 2003 mwanasoka Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka Lyon, yeye hakurudi. Hawa walikuwa na madaktari pembeni ya uwanja. Mtoto wa shule ya msingi anayefanya mazoezi jioni hana daktari pembeni. Ana mimi. Kila dakika inayopita bila huduma inamla. Na mimi nina saini.

Nirudi juzi. Nilijaza wiki ya kwanza na ya pili, sitawadanganya. Niliandika 74, nikabadilisha kalamu, nikaandika 73. Nilipofika wiki ya tatu pale panaposema "Tafakari: umejifunza nini wiki hii?" mkono ukagoma. Nikasimama nikauliza, "Mwalimu, hapa si tunadanganya?" Darasa likanyamaza. Akaniangalia akasema, "Kijana, cheti unakitaka hukitaki? Kila shule inafanya hivi." Wenzangu wakaguna, si kwake, kwangu. Mmoja akaniambia kwa sauti ya chini nisije nikawaharibia.

Na kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba zoezi lile halikuhitaji kitu! Hakuna gimu, hakuna mashine. Vidole viwili shingoni na saa ya ukutani. Vipindi viwili kila wiki tulikuwa navyo kwenye ratiba, muhula mzima, tukavimaliza tukiwa tumekaa tunamsubiri mwalimu. Wiki sita tulikuwa nazo mara mbili zaidi.

Kumtendea haki: yuko peke yake kwa madarasa matatu, mipira minne na miwili haikai upepo, na ofisi ya taaluma inamdai kombe, haimdai kozi. Akileta kombe anapigiwa makofi. Akifundisha misuli ya paja hakuna anayejua. Hilo naliona. Lakini "mbadilishe kalamu" hakutumwa na ofisi.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu.

Wewe uliyesema michezo si somo, ni kipaji: mchezaji ni kipaji. Anayempanga mchezaji asiumie paja kila mwezi alisoma mahali.

Mliosema "jaza upate cheti, utajifunzia kazini": nani atanifundisha kazini? Aliyejaza na yeye?

Mwalimu uliyejibu kule juu kwa upole, asante, shikamoo. Umesema wahakiki huwa wanachagua mafaili machache tu, na shule ndiyo inayoyaandaa mezani. Basi la kwangu halitakuwa mezani, nimeshaelewa. Ila hukunijibu swali la pili, naomba na mwingine yeyote aliyewahi kuifanya kazi hiyo anijibu: je, mhakiki anaruhusiwa kuongea na mwanafunzi mwalimu akiwa hayupo, na mwanafunzi akiomba mwenyewe anasikilizwa au anarudishwa darasani?

Na aliyeuliza kama nimeogopa. Ndiyo. Kuna wenzangu 28 wanaohitaji hiki cheti, na sita kati yao hawajanisemesha tangu juzi.

Faili langu lina 74, lina 73, halafu kurasa nne tupu. Leo asubuhi nimejipima kabla sijatoka kitandani, dakika nzima, vidole viwili. 81. Nimeiandika kwa penseli nyuma ya jalada pamoja na tarehe.