Betri nne za jeli Ngaramtoni: paneli ndogo nane au kubwa nne?

Mwanzisha mada, Ngaramtoni

Wanajamvi, heshima kwenu. Nguzo za umeme hazijafika kwenye kiwanja chetu, nasi tunahamia mwezi ujao. Nimekwisha kununua betri nne za jeli, kila moja volti 12 na ampea-saa 200, ambazo zitaungwa ziwe volti 48. Friji ndogo, taa, televisheni na kompyuta vinakaribia kula uniti 3 kwa siku, na kwa kuwa sitaki kuzishusha betri chini ya nusu, nina uniti 4.8 za kutumia.

Kilichobaki ni paneli. Naweza kuchukua nane za wati 200 pamoja na kontrola (kifaa cha kusimamia chaji kati ya paneli na betri) ya aina ya PWM, ambayo bei yake ni nafuu, au nne za wati 550 pamoja na kontrola ya MPPT, aina inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, yenye kikomo cha volti 150 na ampea 60. Fundi wangu anasema za 550 zinatosha tatu, zikiungwa zote kwa mfululizo. Hapo ndipo ninapositasita.

Fundi wa Usa River

Ndugu, umefanya vema kusita. Geuza paneli ya wati 550 usome lebo yake: palipoandikwa Voc, yaani volti za paneli ikiwa haijaungwa na kitu, utakuta takribani volti 50. Tatu kwa mfululizo ni volti 150, yaani umegusa kikomo cha kontrola kabla hata hujaanza. Tena namba hiyo imepimwa paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Baridi huongeza volti, kwa kiasi cha asilimia 0.27 hivi kwa kila nyuzi inayopungua. Asubuhi ya Julai huko kwenu, miteremko ya Meru ikiwa na nyuzi 10, jua linapochomoza ghafla paneli tatu zitatoa kama volti 156, na kontrola nyingi zikivushwa kikomo cha volti huungua siku hiyohiyo.

Unga mbili mbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo mbili ziwe sambamba. Utapata volti 100, na kwenye baridi 104, jambo ambalo kontrola yako italibeba bila taabu.

Mkulima wa Mabogini

Huku kwetu tambarare ya Moshi adui ni joto, hivyo naongeza upande wa pili wa hesabu. Paneli ikiwa juani saa saba mchana hufika nyuzi 65, na volti zake za kazi hushuka kwa asilimia 14 hivi. Jozi ya 550 yenye volti 84 za kazi itabaki na 72, na betri za volti 48 zinahitaji kama 56 ili zijae. Kwa hiyo ushauri wa fundi wa Usa River unasimama kotekote, mlimani na tambarare.

Kuhusu PWM, niliwahi kuuziwa paneli ya wati 550 nikaambiwa inafaa betri yangu moja ya volti 12. PWM huivuta paneli ishuke hadi volti za betri, basi ampea 13 mara volti 13 zikanipa wati 170 tu, na nilikaa nazo msimu mzima nikidhani betri ni mbovu. Paneli zako ndogo, nne nne kwa mfululizo, zinaendana na PWM vizuri zaidi kuliko hiyo yangu, lakini mahali penye baridi volti za ziada zinapotea bure, na ndizo MPPT inazozigeuza kuwa ampea.

Mama wa Machame

Mwanangu, usipige hesabu kwa jua la Januari. Kuanzia Juni hadi Agosti sisi wa milimani tunashinda chini ya wingu, na mimi huhesabu saa 3.5 za jua kamili, kisha natoa asilimia 30 ya upotevu. Paneli tatu zitakupa uniti 4, nne zitakupa 5.4. Hizo tatu zinatosha matumizi ya siku, lakini betri iliyoshuka siku mbili za mawingu mazito itarudi polepole mno, na jeli ikikaa nusu bila kujaa huharibika. Chukua nne. Angalia pia kivuli cha migomba na migrevilea, kwa sababu paneli moja ikifunikwa huangusha jozi nzima.

Mwanzisha mada, Ngaramtoni

Shikamoo mama, na asanteni nyote. Nimeamua kuchukua nne za 550. Hofu iliyobaki ni hii: wati 2,200 kugawa kwa volti 52 ni ampea 42. Je, si nyingi mno kwa betri za ampea-saa 200?

Fundi wa Usa River

Ni nyingi. Mimi huzipa jeli asilimia 10 hadi 15 ya ukubwa wake, yaani ampea 20 hadi 30. Soma kiwango cha juu kwenye betri zako, kisha weka kikomo hicho ndani ya kontrola, uchague na aina ya betri kuwa jeli. Siku za jua kali kontrola itaziacha ampea za ziada. Siku za mawingu utazitumia zote. Na siku ya kuunga, betri zitangulie kwenye kontrola, paneli zifuate. Ukifungua, anza na paneli.