Natuma masomo ya lishe kwenye grupu ila watoto hawaongezeki uzito, nakosea wapi?

mwl_lishe: Wadau habarini. Nina grupu la WhatsApp la walezi wa watoto wenye mahitaji maalum, wengi wana mtindio wa ubongo na wachache usonji. Kila wiki natuma PDF ya makundi ya vyakula, wanajibu asante mwalimu na imoji za moyo, nikiwatembelea nakuta mtoto bado analishwa amelazwa chali. Juzi mmoja alikuwa anakohoa kila kijiko, bibi yake akaniambia ndivyo alivyo siku zote. Niliumia sana. Kuna app nzuri ya kufundishia au nibadilishe nini?

tiba_kumeza: Pole mwalimu. Huyo anayekohoa asisubiri somo, apelekwe akapimwe namna anavyomeza, maana chakula kikipita njia ya hewa nimonia haiko mbali. Na kuna wengine hawakohoi kabisa, utaona tu macho yanalengalenga machozi au sauti inakuwa ya majimaji akishameza.
App sio shida yako. Unawafundisha cha kulisha na wao wamekwama kwenye namna ya kulisha, hata chakula kiwe kizuri vipi kikiishia kifuani hakijengi mwili.
Video moja ya dakika moja itakusaidia kuliko PDF zote: kupima uzito wa kinywaji, yaani kinavyotiririka haraka au polepole, kwa sirinji ya ml 10. Toa pampu, ziba tundu kwa kidole, jaza mpaka 10, achia sekunde 10 halafu ziba tena. Ikibaki chini ya ml 1 ni chepesi kama maji, zaidi ya 8 ni kizito hasa. Ila sirinji hazilingani, tumia ile ambayo kutoka 0 mpaka 10 ni milimita 61.5. Mtoto gani anywe uzito gani aamue aliyempima, sio grupu.

mama_wa_pili: Mimi ni mama, wangu ana mtindio. Masomo nilikuwa nayasoma yote na nayaelewa jamani, kilichonibadilisha ni mtaalamu wetu kuniambia niegeshe simu nijirekodi dakika mbili namlisha. Akasimamisha video pale shingo ya mwanangu imekunjika nyuma, akachora duara jekundu akanirudishia na voisi, "mama angalia mkono wako wa kushoto". Kumbe mimi ndo nilikuwa nakivuta kichwa nyuma ili mdomo ufunguke! Miezi yote hiyo. Sasa anakaa wima, miguu imekanyaga, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kinatokea mbele kwa chini, na akimaliza simlazi mpaka nusu saa ipite.

tiba_kumeza: Umemaliza mama. Nyongeza tu, hizo video zije inbox sio kwenye grupu, ni mtoto yule na mlezi hajakubali aonwe na watu wote. Wenye simu za batani wapigie muda wa kula, uwe unasikia.

mwl_lishe: Asanteni sana, sikuwahi hata siku moja kuomba nione wanavyolisha. Bibi nimeshampigia, kesho namsindikiza hospitali. Mama wa pili, simu uliiegesha wapi ili mikono yako yote ionekane?

mama_wa_pili: Pembeni, usawa wa bega la mtoto. Ukiiweka mbele shingo haionekani.