Hilux ya Babu

*Kikundi: FAMILIA BUHONGWA 🏠*

*Ijumaa jioni*

Kulwa: Shikamooni wote. Nina jambo.

Mama Kulwa: Ukianza hivyo ni hela.

Shangazi Nkwimba: Marahaba baba. Sema.

Kulwa: Ile Hilux ya babu iliyolala chini ya mwembe. Nimeongea naye, amesema tukae tuelewane kama familia. Nataka niifufue iwe gari ya porini. Tairi inchi 33, inyanyuliwe inchi 4, mkonga wa kuvutia hewa juu, winchi ya kujivuta mbele, taa juu ya kabini, hema juu ya bodi. Rangi nyeusi isiyong'aa.

Kulwa: 📷 Picha

Doto: Hiyo picha ni ya Australia. Ya kwetu kuku wanalalia mle.

Mama Kulwa: Na mayai nani anachukua??

Binamu Mashaka (Dar): Wazo zuri mdogo wangu. Ila injini yake ya 3L haina nguvu. Tafuta injini ya 1KZ ya Toyota Surf uitie, ina tabo, utanishukuru.

Shangazi Nkwimba: Jamani bamdogo wenu yuko wapi, huu ni mjadala wa mafundi.

Baba Mdogo Masanja: Niko gereji, nanawa mikono. Subirini.

Baba Mdogo Masanja: Haya. Kwanza mjue mnacho nini. Hiyo ni modeli ya LN106. Injini 3L, cc 2779, dizeli isiyo na tabo. Mbele ina ekseli nzima na springi za majani, sawa na nyuma. Pikapu nyingi za siku hizi mbele hazina ekseli nzima, zinakalika vizuri kwenye lami ila ukitaka kuzinyanyua unagusa vitu vingi. Hii unabadili springi na shokapu, umefika. Haina kompyuta. Pampu ya dizeli ni chuma kitupu na waya mmoja wa kufungulia mafuta. Kulwa hajakosea gari. Ila hiyo orodha imeanzia mkiani.

Kulwa: Kivipi bamdogo?

Baba Mdogo Masanja: Umetaja vitu saba. Breki haimo.

Doto: 😂😂😂

Kulwa: Breki si itakuwepo tu.

Baba Mdogo Masanja: Itakuwepo wapi? Gari imekaa na mvua ngapi. Pistoni za breki zimeshika kutu, hosi zimepasuka, rejeta sijui hali yake. Na Mashaka, hiyo 1KZ-TE pampu yake inaendeshwa na umeme, kwa hiyo unahamisha na kompyuta na waya wote. Silinda hedi yake haipendi joto, ikichemka mara moja inaweza kupasuka. Halafu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadili, unakwenda TRA kubadili taarifa. Sasa unafanya yote hayo ili gari ya babu iwahi wapi?

Binamu Mashaka (Dar): Nimenyamaza mkuu 🙏

Baba Mdogo Masanja: 3L iacheni. Belti ya taimingi ibadilishwe kabla ya kuwashwa, hata kama inaonekana nzima. Mwisho wake ni kilomita laki moja na hii hakuna anayekumbuka ilibadilishwa lini. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni, basi tena.

Mjomba Mabula (Ngudu): Mwadila wote, naona nimechelewa. Swali langu dogo. Gari inatengenezwa iende wapi?

Kulwa: Popote mjomba. Kuna jamaa tunatoka wikiendi, tunataka kuvuka daraja la Busisi twende mpaka Buchosa huko, kando ya ziwa. Siku hizi hakuna kupanga foleni ya kivuko.

Mjomba Mabula (Ngudu): Sawa. Na mpunga wangu wa mwezi wa 5 unabebwa na nani?

Shangazi Nkwimba: Hapo sasa.

Mama Kulwa: Hapo hapo.

Kulwa: Mpunga tutabeba mjomba, ndiyo maana naiwekea winchi.

Mjomba Mabula (Ngudu): Winchi utaifunga kwenye nini mjomba wangu? Huku ni mbuga. Umesimama katikati ya majaruba, mti wa karibu ni ule mgunga wa mzee jirani, na hata kufunga ng'ombe pale amekataza.

Doto: 😂😂 winchi imepata ugonjwa usio na dawa

Baba Mdogo Masanja: Mabula umesema kitu. Watu wengi wananunua winchi kabla hawajajua watakwama wapi. Hesabu yake ni mara moja na nusu ya uzito wa gari ikiwa na mzigo. Hii ikijaa ni kama tani 2.7, kwa hiyo unahitaji ya tani 4 hivi, zile zilizoandikwa paundi 9,500 zinatosha. Lakini chuma chote hicho kinakaa mbele ya ekseli, na bampa la kukibebea nalo zito. Springi za mbele zinalala. Pale pasipo mti unachimba shimo, unazika spea tairi, unavutia hapo. Inawezekana, ila utatoka umechoka kuliko gari.

Baba Mdogo Masanja: Mimi ningeanza na koleo, mkanda wa kuvutia, mbao mbili nene za kukanyagia na pampu ya upepo. Winchi baadaye.

Kulwa: Pampu ya upepo ya nini tena?

Baba Mdogo Masanja: Ya kurudishia. Ukiingia mchanga au tope unatoa upepo mpaka psi 20 hivi, tairi inatandaza mguu. Ukifika lami bila kurudisha, unaichana ubavuni. Hiki ndicho kitu kinachookoa gari nyingi na ndicho rahisi kuliko vyote kwenye orodha yako.

Mjomba Mabula (Ngudu): Na mjue udongo wa mbuga ukishiba maji hauna cha 4x4 wala nini. Unashika tairi, unajaza bodi kwa chini, gurudumu linakuwa duara la tope tupu. Tunasubiri jua siku mbili tunapita. Asiyesubiri tunamtoa na ng'ombe, na ng'ombe wanalipiwa.

Mama Kulwa: Nimeipenda hiyo ya kusubiri jua. Haina gharama.

*Jumamosi*

Baba Mdogo Masanja: Doto upo nyumbani? Chukua nyundo ndogo, ingia uvunguni. Gonga chesesi yote polepole kuanzia mbele. Ikilia "ting" endelea. Ikilia "pwa" weka alama ya chaki. Jeki msiitegemee peke yake, wekeni magogo manene chini ya ekseli.

Shangazi Nkwimba: Kwa nini umwache mtoto alale chini ya chuma?

Baba Mdogo Masanja: Dada, mtoto ana ndevu. Na hiyo gari si ndiyo ilibeba kayabo, wale samaki wa chumvi, wa mzee kutoka Igombe miaka yote ile?

Shangazi Nkwimba: Ndiyo hiyo. Maji ya chumvi yalikuwa yanachuruzika mpaka barabarani, mbwa wanaifuata. Ada zetu zote zilitoka kwenye kayabo wale, sangara wakubwa, walikuwa wanaishia Kongo.

Baba Mdogo Masanja: Sasa chumvi ile ndiyo nayoiogopa kuliko injini.

Doto: Nimemaliza. Mbele "ting" mpaka chini ya kabini. Nyuma kushoto, pale springi inaposhikia, nyundo imezama.

Doto: 📷 Picha
📷 Picha

Doto: Nimechokonoa kwa bisibisi, ndani kumetoka udongo mweusi na magamba ya samaki. Magamba kabisa bamdogo, yamegandana na kutu.

Mama Kulwa: Yesu.

Kulwa: Kwa hiyo ndiyo imekufa?

Baba Mdogo Masanja: Haijafa. Lakini msikilize vizuri hapa. Usiende kwa fundi yeyote akapige kiraka juu ya kutu. Kutu inakatwa yote mpaka chuma cheupe, ndipo inaingizwa sahani ya unene uleule, na ncha zake zinakatwa mshazari, hazikatwi wima. Mchomeleo ukikata chesesi wima unaacha mstari dhaifu, siku imejaa mzigo inapasukia hapohapo. Betri inatolewa kabla ya kuchomelea. Ndani inamwagiwa oili chafu iliyochanganywa na nta, na upande wa pili tunaukagua hata kama umelia "ting".

Baba Mdogo Masanja: Angalia tena nyuma ya magurudumu ya mbele, kuna tufe la chuma ambalo gurudumu linageukia hapo ukizungusha usukani. Kuna nini?

Doto: La kulia kavu. La kushoto linavuja uji mweusi, laini kama oili.

Baba Mdogo Masanja: Sili ya ndani ya ekseli imekwisha. Oili ya difu imevuja ikakutana na grisi. Tunafungua pande zote mbili, tunaosha, sili mpya, beringi mpya, grisi mpya. Hiyo kazi chafu lakini nyepesi, nitawafundisha wenyewe mfanye.

Kulwa: Sawa bamdogo, nimekubali breki, chesesi, sili, belti, rejeta. Tuje kwenye kunyanyua sasa.

Baba Mdogo Masanja: Inchi mbili.

Kulwa: Nne.

Baba Mdogo Masanja: Mbili. Nikueleze kwa nini, maana hili mafundi wengi wanalipita. Kwenye hii gari nyuma kuna valvu ya breki yenye kifimbo kilichoungwa na ekseli. Ukipakia mzigo bodi inashuka, kifimbo kinaiambia valvu "tumebeba", breki za nyuma zinapewa nguvu. Ukinyanyua gari, kifimbo kinaona bodi iko juu, kinajua hakuna mzigo. Siku zote. Umepakia magunia ya Mabula, unateremka, mbuzi anakatiza: za mbele zinashika, za nyuma zinapapasa. Kwa hiyo ukinyanyua inchi mbili, kile kishikio cha upande wa ekseli nacho kinainuliwa inchi mbili. Nimeshaona gari ngapi zimenyanyuliwa na kifimbo kimeachwa kinaning'inia, mwenyewe anajisifia tairi.

Baba Mdogo Masanja: Ukienda inchi nne unaongeza matatizo ya propela kukaa upande, hosi za breki kuvutika, na gari yenye magunia juu inayumba kwenye kona.

Mjomba Mabula (Ngudu): Mbuzi wa huku hawaangalii kabisa.

Kulwa: Na 33?

Baba Mdogo Masanja: Tairi ilizotoka nazo ni kama inchi 29. Ukiweka 33 umeongeza asilimia 14 hivi. Spidomita ikikuonyesha 80 wewe uko 91, na 3L unaibebesha gia ndefu kuliko uwezo wake. Kilima kidogo unarudi namba tatu. Na matopeni itakosa nguvu.

Baba Mdogo Masanja: Mimi nasema 7.50R16. Zilezile za Land Cruiser mkonga za mashirika. Nyembamba, ndefu, inchi 31 na nusu hivi, inabeba mzigo, na ukipasua Hungumalwa saa tano usiku unapata ya kununua. Hiyo tairi yako pana ya kwenye picha ukipasua Hungumalwa utalala Hungumalwa.

Kulwa: Ila haina mvuto bamdogo...

Doto: Mvuto utauona ukiwa unasukuma.

Kulwa: Na mkonga je? Mkonga msiniambie hapana.

Baba Mdogo Masanja: Mkonga ndiyo. Tena si kwa ajili ya maji. Kiangazi njia ya Ngudu vumbi la gari ya mbele linaingia chini chini, juu hewa ni safi zaidi, filta inadumu. Kwa maji, mkonga bila kuziba viungo vya boksi la filta ni pambo. Na difu zina vitundu vya kupumulia, ukiingia mtoni zikiwa za moto zinanyonya maji. Tunaziwekea mipira tunaipandisha mpaka kwenye injini. Na maji usiyoyapima kwa miguu yako huingii, mkonga au si mkonga.

Mama Kulwa: Samahani nawakatisha. Nani amechukua ndoo yangu ya bluu yenye mfuniko?

Doto: Iko uvunguni mama, nimewekea boliti.

Mama Kulwa: Boliti kwenye ndoo ya maziwa.

*Jumapili*

Shangazi Nkwimba: Nimetoka kwa wazee. Babu amesikiliza yote, nilimsomea. Anasema hivi. Rangi ibaki nyeupe, kadi imeandikwa nyeupe na yeye haendi ofisi yoyote kwa ajili ya rangi. Bodi isitobolewe kwa ajili ya hema. Anauliza hema la nini wakati Ngudu kuna nyumba.

Doto: 😂😂😂😂

Shangazi Nkwimba: Bibi naye anasema ikipona, safari ya kwanza wamletee michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, si kwenda Buchosa kupiga picha.

Kulwa: Sawa shangazi. Nimeelewa. Hema nitalala kwa mjomba.

Mjomba Mabula (Ngudu): Karibu. Utalala ghalani na mpunga wako.

Baba Mdogo Masanja: Sasa hela. Kulwa weka ulizonazo kwenye breki na chesesi. Usinunue tairi sasa, zitakaa juani zikichakaa wakati gari iko juu ya magogo. Sili na beringi nitachukua mimi kwa mtu wangu, nitawaletea risiti hapa kikundini.

Shangazi Nkwimba: Mimi nitatoa springi na shokapu. Kwa masharti ya mpunga.

Binamu Mashaka (Dar): Mkonga ni wangu. Nautuma kwa basi.

Mama Kulwa: Mimi nimetoa ndoo.

Kulwa: Asanteni sana familia 🙏 Na zile taa za juu ya kabini?

Baba Mdogo Masanja: Zile za mbele zinawaka?

Kulwa: Moja.

Baba Mdogo Masanja: Haya. Jumanne saa mbili asubuhi iwe gereji Nyakato. Msiivute kwa kamba, haina breki na barabara ya Buhongwa asubuhi mnaijua. Ipakieni kwenye lori la Kenta. Kadi ije nayo nione namba ya chesesi kabla hatujakata chuma chochote.

Shangazi Nkwimba: Kadi iko kwenye begi la bibi, nitaipitia kesho. Kenta analipa nani?

Doto: Kulwa anaandika...

Doto: Ameacha kuandika.