Msaada wa kusoma majibu ya eko (kipimo cha picha ya moyo): EF 62% lakini valvu imebana

Mtoa mada: Wakuu, habari za leo. Mdogo wangu wa kike, miaka 26, anahema akipanda ngazi. Eko inasema valvu ya mitro (mlango kati ya chumba cha juu na cha chini kushoto) imebana kwa ajili ya rumatiki. MVA 1.2 cm², gradienti ya wastani 11 mmHg (mapigo 98), LA 52 mm, PASP 48, EF 62%. Kaambiwa EF ni nzuri. Sasa mbona hapandi ngazi? Na mwakani anataka kushika mimba.

Fundi_Eko: EF inapima chumba cha chini kushoto kinavyosukuma damu. Shida yake iko juu ya chumba hicho, mlangoni. Pampu ni nzima, bomba la kuingizia ndilo limebana, damu inarudi nyuma kujaa mapafuni. Hiyo PASP 48 ndiyo presha ya mapafu, imeshapanda.

Namba ya kushika ni MVA, yaani eneo la mdomo wa valvu. Valvu nzima hufunguka cm² 4 hadi 6. Ikifika 1.5 kushuka chini ni kali. Zamani ukali ulianzia 1.0, ndiyo maana karatasi nyingine bado huandika "wastani" kwenye 1.2. Neno liache, soma namba.

Gradienti, yaani tofauti ya presha kati ya pande mbili za valvu, usiisome bila mapigo. Moyo ukienda mbio, muda wa damu kupita mlangoni unafupika na gradienti inapanda. Hiyo 11 kwenye mapigo 70 ingeshuka.

Uliza pia MVA imepatikanaje: kwa kuchora mdomo wa valvu kwenye picha, au kwa kugawa 220 kwa PHT (muda wa gradienti kushuka kufikia nusu)? Hesabu ya PHT hudanganya valvu ya aota ikivuja sana, au muda mfupi baada ya puto, yaani valvu kupanuliwa kwa mrija wenye puto.

Mtoa mada: Shukrani mkuu. Kwa hiyo ni upasuaji moja kwa moja?

Zamu_ya_Usiku: Hapana, kwanza muulizie puto. Ombeni alama za Wilkins: mjongeo wa valvu, unene, chokaa, na nyuzi za chini, kila kimoja 1 hadi 4. Jumla 8 au pungufu, valvu huwa inafaa kupanuliwa. Kinachozuia ni donge la damu ndani ya LA, yaani chumba cha juu kushoto (linatafutwa kwa eko ya kooni), au valvu kuvuja kuanzia wastani. Karatasi yenu haijataja kuvuja, ulizeni. Mkienda JKCI (Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam) au kwingine, bebeni CD ya picha. Karatasi peke yake itawarudisha foleni ya eko.

LA 52 imetanuka. Apimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) hata kama hasikii moyo ukidunda ovyo. Mapigo yakiwa ya AF (yasiyo na mpangilio), dawa ya kuzuia damu kuganda ni warfarini, INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) 2 hadi 3. Wapo wanaobadilishiwa rivaroxaban, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, kukwepa vipimo vya INR. Kwa rumatiki, utafiti wa INVICTUS wa 2022 ulionyesha wa warfarini walifanya vizuri zaidi.

Mtoa mada: Na sindano ya kila mwezi? Anataka kuacha, anasema haizibui chochote.

Fundi_Eko: Kweli haizibui. Kazi yake ni kuzuia homa ya rumatiki isirudi kuiumiza valvu tena, kwa hiyo hata baada ya puto inaendelea. Ni penisilini ya benzathini, yuniti milioni 1.2, kila wiki 3 au 4. Ila kwa valvu iliyobana hivi na dalili anazo, mchomaji aambiwe: ale na kunywa maji kwanza, achomwe amelala, asiinuke haraka. Baadhi yao huzimia, na moyo wa namna hii haustahimili presha kushuka ghafla. Muulizeni daktari kama vidonge vya penisilini vinamfaa zaidi.

Zamu_ya_Usiku: Mimba isubiri. Damu mwilini huongezeka karibu nusu na mapigo yanapanda, yaani yale yale mawili yanayojaza mapafu yake. Amwone daktari wa moyo kabla ya kuacha uzazi wa mpango, na ataje njia anayotumia. Vidonge vyenye estrojeni huongeza damu kuganda. Akianza kushindwa kulala chali au kukohoa makohozi ya damu, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki.