Mzee akipiga simu ya video, mke wangu anakimbilia jikoni. Naombeni ushauri

MzeeKijana84
Wakuu habari za jioni. Someni mpaka mwisho kabla ya kunipiga mawe.

Mimi Mnyakyusa wa Tukuyu, naishi Uyole hapa Mbeya, mke na watoto watatu. Mke wangu kalelewa na bibi yake Kyela, malezi ya zamani hasa. Wenzangu wa Rungwe mnaijua kutila: mkamwana na baba mkwe hawatazamani, na jina la mkwe halitajwi. Wengi wamelegeza. Yeye hajalegeza. Miaka 16 ya ndoa sijamsikia akitaja jina la baba yangu. Namba ya mzee kaiandika "Babu Tumaini". Akienda kumtumia hela, wakala akiuliza jina la mwenye namba, anaomba kalamu anaandika.

Sasa mdogo wangu kamnunulia mzee simu janja. Mzee ana miaka 77 na kanogewa. Kila Jumapili akitoka kanisani anapiga ya video, anataka aone nyumba nzima, wajukuu, mpaka mbwa. Nikianza kuizungusha simu tu, mama anachomoka, siku nyingine na mwiko mkononi. Wiki iliyopita binti yetu wa miaka 14 akamrekodi anavyokimbia, akaweka na muziki, akarusha WhatsApp. Mashangazi wote wana namba yake. Jioni ile nilipigiwa simu na watu wanne.

Mke hamsemeshi mtoto tangu Jumatano. Mzee kimya. Mtoto analia, anasema "baba, mimi nilijua mama anakimbia kwa sababu hajachana nywele."

Nami niko katikati. Nimekua tunaanika betri za redio juani ili bibi asikie matangazo ya vifo Redio Tanzania. Barua zake nilimwandikia mimi. Simu yangu ya kwanza ilikuwa ya kubip tu, vocha ya kubahatisha. Huyu mtoto kazikuta simu ndani, na Kinyakyusa anajua salamu basi. Nikimkemea najiona mnafiki, maana mila yenyewe naijua nusunusu. Nikimtetea, mke simpati tena. Nifanyeje?

Kijiti
Nimekaa paleee.

Kamwene_Iringa
Pole mkuu, ila nimecheka. Mama yangu hapa Iringa akiongea na mkwewe lazima apige goti. Juzi kapiga goti kwenye simu ya video, simu yenyewe kaiegemeza kwenye sufuria. Babu anaona dari tu.

FundiSimu_Mwanjelwa
Kaka, anayezungusha simu ni nani? Si wewe? Kaa mgongo ukutani, simu ikuangalie wewe na watoto, mama apite zake. Hata mwiko hautahitajika.

Msemakweli
Mila zimepitwa na wakati hizo. Mwambie mkeo aje amsalimie mzee, yaishe.

MzeeKijana84
Sijauliza kama zimepitwa, mkuu.

BintiMafinga
Shikamooni. Mimi nina 19. Mtoto aifute hiyo video na amwombe mama yake radhi uso kwa uso, siyo kwa meseji. Ila baba, samahani, miaka 14 mnakaa nyumba moja na hukuwahi kumwambia kwa nini mama yake anajificha? Aliyejua kanyamaza, asiyejua ndiye ananuniwa.

Asili_Mwakaleli
Huyo binti kamaliza. Naongeza la kwangu, mimi ni baba mkwe. Mkamwana wangu alishikwa na uchungu usiku, mwanangu yuko safarini, gari kijijini ni langu tu. Akakaa nyuma na mama watoto, nami nikakigeuza kile kioo cha ndani kikatazama juu. Tukaenda hivyo mpaka Mbeya, mvua ya Rungwe mnaijua. Baada ya mjukuu kuzaliwa nilimwita, shangazi yake akiwepo, nikamwambia sasa tuongee. Kwangu ilifunguka hivyo. Kwenu atafungua mzee wako akitaka, au asifungue. Siyo wewe, siyo mashangazi. Na usimpigie. Nenda.

MzeeKijana84
Mrejesho wakuu. Jumamosi nilipanda Coaster na binti kwenda Tukuyu. Nilipanga nimweleze njiani. Ninachokijua kikaisha hata Isongole hatujafika.

Mengine kaeleza babu mwenyewe, saa nzima, mimi nimekaa kama mgeni. Kumbe marehemu bibi alikuwa hatamki hata maneno yanayofanana na jina la mkwewe, anatafuta mengine ya kuweka mahali pake. Zile barua nilizokuwa nalalamika kwamba bibi ana Kinyakyusa cha ajabu! Nimemwandikia miaka yote ile na sikuwahi kuuliza.

Binti kaomba radhi. Mzee akamjibu kwamba video hakuiona, simu ilikuwa imeisha bando. Sijui kama ni kweli, mzee ana maneno huyu. Kuhusu kufungua hakusema kitu, nami sikuuliza. Baadaye mtoto akamwomba: "Babu, hayo ya bibi unaweza kuyarudia nirekodi?" Akasema subiri nivae koti.

Mama yake bado hajalainika. Tumemletea mkungu wa ndizi kutoka kwa mzee, kaupokea, akamuuliza mtoto kama babu bado anakohoa. Ndiyo neno la kwanza tangu Jumatano ile.